Beseni la Chekechea



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, wasichana wawili wa kikundi chenu walinifuata hadi mlango wa sakristia. Wamemaliza mitihani ya serikali, wanangoja matokeo, na katika kungoja huko wanataka kujitolea katika chekechea ya parokia yetu hapa Uvira, ambayo haifungwi wakati wa likizo kwa sababu soko nalo halifungwi. Walitaka kuwaimbisha watoto, kuwafundisha sala fupi, kuwagawia uji. Niliwauliza swali moja tu: "Mmekwisha kupaona mahali wanaponawa mikono?" Walitazamana, wakacheka kidogo kwa adabu, kama vijana wanavyomcheka mzee aliyejibu jambo ambalo hakuulizwa. Basi nimeona niwaandikie ninyi nyote, kwa maana swali langu lina historia, na historia hiyo hainipambi.

Nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa katekista. Chuoni tulifundishwa kupanga somo, kuandika ubaoni kwa mkono ulionyooka, kutambua umri ambao mtoto huanza kuhesabu bila kutumia vidole. Kuhusu kamasi hatukufundishwa neno. Kwa hiyo paroko wa wakati ule aliponiomba niisimamie chekechea pamoja na mama walimu wawili, jambo nililolitafuta kwanza lilikuwa utaratibu. Tulikuwa na watoto 43 wa miaka mitatu hadi mitano, chumba kimoja chenye madirisha mawili, mikeka sita, na sufuria moja kubwa ya uji saa nne ya asubuhi. Nikaanzisha desturi ya kunawa kabla ya uji, na niliipenda mno desturi ile. Watoto walipanga mstari, wadogo mbele na wakubwa nyuma. Mbele yao liliwekwa beseni la plastiki la rangi ya buluu. Kila mtoto alitumbukiza mikono, akaisugua mara mbili, akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa kilichotundikwa msumarini. Yote yalikwenda kwa wimbo. Wageni wa parokia waliletwa kutazama, nao walisifu, na mimi nilisimama pembeni nikijidai kuwa mnyenyekevu.

Hesabuni wenyewe. Mtoto wa kwanza alinawa kwa maji safi. Wa kumi alinawa kwa maji ya wenzake tisa. Wa mwisho, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa na mwenye nguvu ya kusugua, alitia mikono katika maji yenye rangi ya chai ya maziwa, kisha akaipangusa kwa kitambaa kilicholowa tangu katikati ya mstari. Kila siku, saa nne kasoro robo, tuliyachukua yaliyokuwa mikononi mwa mtoto mmoja tukawagawia wote kwa usawa, halafu tukawapa uji wakale.

Msinione mjinga kupita kiasi. Hata nyumbani kwetu, nilipokuwa mtoto, bakuli la kunawia lilizunguka kabla ya bukari: mgeni kwanza, kisha baba, kisha wakubwa, na sisi wadogo tukamalizia. Kunawa katika bakuli moja kulikuwa sehemu ya kula pamoja, na aliyeomba maji yake peke yake alionekana mwenye kiburi. Jambo ambalo mtu amelipokea pamoja na mapenzi ya mama yake ni vigumu sana kulitazama kwa macho makavu.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa kituo cha afya, mama wa makamo, mwenye maneno machache. Alikuja kwa sababu katika juma moja watoto 19 kati ya 43 walikuwa wameugua kuhara, na wawili walikuwa wametiwa maji ya mshipa. Hakutugombeza. Aliomba tu kuona tunavyofanya, akatazama mstari wote hadi mwisho, akapiga makofi pamoja na watoto. Kisha akachukua bilauri ya kioo, akachota maji ya beseni, akaiweka mezani mbele yangu.

"Papa Mwalimu, karibu unywe."

Nilidhani anatania. Nikamwambia haiwezekani.

"Wao wameyanywa," alisema. "Wameyanywa vidoleni mwao, kijiko kwa kijiko."

Siku ile ndiyo niliyoanza kusoma upya, nikiwa na zaidi ya miaka 40. Magonjwa ya kuhara ya watoto, iwe ni rotavirusi, iwe ni kuhara damu, iwe ni kipindupindu tunachokijua mno katika mji huu wa ziwani, yana njia moja kuu: hutoka katika kinyesi cha mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine. Yanayopita ni machache kiasi kwamba jicho haliwezi kuyaona, na mkono unaoonekana safi huyabeba bila shida. Mtoto wa miaka mitatu hutia vidole kinywani mara nyingi kuliko mtu yeyote awezavyo kuhesabu. Anakigusa kikombe cha mwenzake, anamshika mwenzake shavuni kwa upendo, anaulamba mchezo wa plastiki na kumpa jirani. Katika familia yenye watoto watano, ugonjwa hupata watoto watano. Katika chekechea hupata watoto 43, nao jioni huurudisha katika nyumba 30 na zaidi.

Kuna imani moja mtakayoisikia kwa mama zetu, tena kwa mama wema: kwamba kinyesi cha mtoto mdogo hakina ubaya, kwa kuwa hajala vitu vya watu wazima. Si kweli. Kina viini sawasawa na cha mkubwa, tena ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna anayekikimbia. Mama hukipangusa kwa mkono wa kushoto, akauosha mkono huo kwa maji matupu, akaendelea kumenya muhogo. Na pale chekechea choo chetu kilikuwa na tundu la watu wazima. Watoto waliliogopa. Wengi wao walijisaidia pembeni, ukutani, na mwenzao aliyefuata alikanyaga kwa mguu mtupu. Ilitubidi kumwita fundi aweke ubao wenye tundu dogo na mahali pa kushika. Kazi hiyo ilichukua nusu siku. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya choo kile miaka miwili nikienda kufundisha Ishara ya Msalaba.

Kwa habari ya maji, ninyi wa Uvira hamhitaji kuelezwa. Bomba likikauka tunateremka ziwani na bidoni. Wataalamu waliochunguza madaftari ya kituo cha kutibu kipindupindu cha mji wetu, kwa miaka ya 2009 hadi 2014, walizilinganisha siku za wagonjwa na siku za maji. Waliona kwamba baada ya siku ambazo maji ya bomba hayakutoka, wagonjwa waliongezeka katika majuma mawili yaliyofuata. Mama zetu walikwisha kulisema hilo kwa njia yao; hata hivyo ni vema limeandikwa. Kwa chekechea maana yake ni kwamba siku bomba linapokauka ndiyo siku ya kunawa kwa uangalifu zaidi, ilhali sisi, kwa kubania maji, tulinawa kidogo zaidi.

Beseni tuliliondoa. Mahali pake tuliweka bidoni mbili zenye koki ndogo, kila moja juu ya kibao, na chini yake ndoo ya kupokea maji machafu. Maji hutiririka juu ya mikono yakaanguka, wala hayarudi tena. Mtoto anapaka sabuni, anasugua viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole na chini ya kucha, muda wa kuimba ubeti mmoja wote bila kukimbia, kisha anasuuza na kuipunga mikono hewani hadi ikauke. Kitambaa cha msumarini nilikichoma mwenyewe. Kwanza tulidhani maji hayatatosha. Tukapima: nusu litri kwa mtoto, mara mbili kwa siku, kabla ya uji na baada ya choo, kwa watoto 43 ni litri 43, yaani bidoni mbili za litri 20 na chupa mbili tatu za kuongezea. Hayo ndiyo maji yote yanayotakiwa. Vijana wawili wanaweza kuyateka kabla ya saa moja ya asubuhi. Sabuni ikikosekana, majivu safi ya jikoni husaidia, ingawa sabuni ni bora.

Mengine niyapitie haraka, kwa sababu mtayaona huko. Kila mtoto kikombe chake, chenye alama yake. Kwenye mkeka, kichwa cha huyu kielekee miguuni mwa yule, ili wasipumuliane usoni wakati wa usingizi, na madirisha yaachwe wazi hata mama walimu wakilalamikia baridi. Michezo ya plastiki huoshwa kila Ijumaa. Dawa ya klorini mtaelekezwa na muuguzi: ile nyepesi, ya asilimia 0.05, ni ya mikono, na ile kali, ya asilimia 0.5, ni ya sakafu iliyotapikiwa au kuchafuliwa na kinyesi. Wala haiachwi mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Mtoto anayehara hukaa nyumbani mpaka zipite siku mbili tangu kuhara kukoma. Na kwa kuwa mtakutana na anayeanza kuhara akiwa mikononi mwenu, jifunzeni kwa moyo: litri moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo, huku mwingine akikimbia kumwita mama yake. Chumvi isizidi.

Nikiwa mwalimu, nilipenda kuwasimulia wanafunzi wangu habari za daktari Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, aliona kwamba wanawake waliozalishwa na madaktari pamoja na wanafunzi wao walikufa kwa homa ya uzazi kuliko wale waliozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Aliwaamuru wanawe kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua sana. Lakini wakubwa wengi walimkataa. Walikuwa waungwana, wasomi, watu wenye nia njema. Kuwaambia kwamba kifo kilisafiri katika mikono yao wenyewe kulikuwa tusi. Nilisimulia hadithi hiyo miaka mingi, nikiwacheka madaktari wale, na beseni langu la buluu likiwa chumba cha pili.

Yaliyobaki ni mazito zaidi, nami nimeyachelewesha makusudi.

Mwaka 2019 mnaukumbuka. Habari zote zilikuwa za Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mwaka uliofuata, Agosti, ikagunduliwa hata Mwenga, katika jimbo letu. Mlangoni mwa kanisa tuliweka ndoo za klorini, bakuli la maji ya baraka likawa kavu, na amani tukapeana kwa kuinamisha kichwa. Vema. Lakini mwaka huohuo surua ilikuwa ikipita katika nchi yote bila kelele. Ebola ile, hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Surua, tangu mwanzo wa 2019, iliua zaidi ya 6,000, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tuliuogopa ugonjwa uliokuwa na jina jipya, na ule uliojulikana kwa bibi zetu ukapita mlango wa nyuma.

Jumatatu moja, mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka minne. Alikuwa mgeni mjini. Aliteremka kutoka milima ya juu akikimbia vita, na alikuwa akiuza ndagala sokoni. Mtoto alikuwa na macho mekundu yenye kutoka machozi, kamasi na kikohozi. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa moto.

"Ni vumbi tu, Papa Mwalimu," alisema mama.

Nilijua kwamba vumbi halichomi paji la uso. Nilijua pia jambo jingine: kwamba ndagala alizokuwa nazo kichwani alizichukua kwa mkopo alfajiri, na deni lilikuwa la kulipwa jioni ileile. Nikimrudisha, atapoteza siku nzima, au atamwacha mtoto kwa dada yake wa miaka saba, huko kando ya ziwa. Nikampokea. Nikaona nimetenda jambo la huruma, hata nikafurahi kidogo moyoni. Kuhusu wale wengine 42 sikufikiri kabisa.

Alhamisi upele ulimtoka nyuma ya masikio, ukashuka usoni na kifuani. Wengi hudhani surua huanza hapo. La. Mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya upele, wakati ambapo anaonekana ana mafua tu, hadi siku nne baada yake. Wala haihitaji mikono wala vikombe: hupita katika pumzi, na hewa ya chumba huweza kubaki nayo hata saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa karibu naye, tisa huipata. Bidoni zangu mbili na sabuni yangu, nilizokuwa nikijivunia sasa badala ya beseni, hazikuwa na la kufanya mbele yake. Kilichotakiwa ni chanjo, nami katika miaka yote ile sikuwahi kumwomba mzazi hata mmoja anionyeshe kadi ya chanjo. Niliomba cheti cha ubatizo.

Majuma mawili baadaye walianza wengine. Watoto 11 wa chekechea waliugua. Wote walipona, ingawa mmoja jicho lake la kushoto halioni vizuri hadi leo. Lakini mmoja wa hao 11 alikuwa na mdogo wake nyumbani, mvulana wa miezi saba. Nchini kwetu chanjo ya surua hutolewa mtoto afikishapo miezi tisa, ingawa katika kampeni za wakati wa mlipuko hushushwa hadi miezi sita. Kampeni ilikuwa haijafika mtaani kwetu. Mtoto yule hakuwahi kukanyaga chekechea. Hakuwa na umri wa kukanyaga popote. Alifariki usiku wa Ijumaa, kifua kikiwa kimembana, na katekista aliyeongoza sala za mazishi ni mimi.

Makaburini mama yake aliniuliza, "Papa, ugonjwa huu umetoka wapi?"

Nikamjibu, "Ni hewa, mama."

Angalieni jibu hilo. Ni kweli tupu, muuguzi yeyote angelikubali, na nililisema ili nijifiche ndani yake.

Watu hawakuishia kwenye hewa. Katika siku chache mtaa wote ulikuwa na hakika kwamba ugonjwa umeletwa na wale wa milimani. Mama muuza ndagala alikosa wanunuzi, na mtoto wake, ambaye alikuwa amekwisha kupona na hakuweza tena kumwambukiza mtu, alifukuzwa na wenzake barabarani. Neno moja langu siku ya Dominika lingetosha kusema kwamba homa ile niliigusa kwa mkono wangu na mlango niliufungua mimi. Sikulisema. Naye akaacha kuja chekechea, kisha akaacha kuja kanisani.

Nilikwenda kumwomba msamaha baada ya miezi mitatu. Nilikuta anaanika ndagala. Nilimweleza yote, na jinsi ambavyo ningepaswa kumrudisha siku ile, ingawa kwa haki mtoto wake alikuwa amekwisha kukaa nasi juma lililotangulia. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake. Kisha akasema, "Papa Mwalimu, ungenirudisha, ningempeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kanuni zote za afya mtakazosoma husema: mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Zimeandikwa na watu wanaojua ugonjwa, nazo ni sahihi. Lakini zinadhani kwamba nyumbani kuna mtu. Kwa mama anayekula leo alichouza leo, kanuni hiyo humfundisha kusema "ni vumbi tu", na kumpa mtoto dawa ya homa alfajiri ili paji la uso lipoe hadi apite mlangoni. Nimewaona wengi baada yake wakifanya hivyo, wala siwezi kuwaita waongo.

Swali lake nililipeleka katika shirika letu la mtaa, na kutoka hapo tukaanza jambo dogo ambalo wasichana wale wawili hawakuwa wamelisikia. Mtoto akikutwa na homa mlangoni, haulizwi kwa sauti mbele ya wengine. Mama mwalimu huketi pamoja na mama yake pembeni, chini ya mwembe, na kutuma ujumbe. Katika orodha yetu kuna bibi watatu na vijana wanane, wote waliokwisha kuugua surua zamani au kuchanjwa. Mmoja wao humfuata mama nyumbani, akabaki na mtoto huko, na maji ya kunywa, na uji, mpaka mama arudi sokoni. Akiona dalili za hatari, yaani mtoto kukataa kunywa, kupumua haraka, kulegea au kutapika kila kitu, humpeleka kituo cha afya bila kungoja ruhusa ya mtu. Kuna pia mfuko mdogo wa shirika, wa kumkopesha mama mtaji wa siku moja ikiwa hakuna wa kubaki naye. Haifanyi kazi kila mara. Vijana husahau zamu, mfuko huisha kabla ya mwezi, na mwaka 2024, mpox ilipoenea mjini kwetu, hakuna aliyetaka kukaa na mtoto mwenye vipele, hata vilipokuwa tetekuwanga ya kawaida. Sikumlaumu mtu. Hapo ilitubidi kumwachia muuguzi kwanza aone ni nini.

Na kadi za chanjo sasa zinaulizwa. Mtoto asiye na kadi hakataliwi. Anapokelewa, na katika juma hilohilo kijana mmoja humsindikiza mama hadi kituo cha afya siku ya chanjo, amshikie foleni wakati anauza. Nyumbani wanaulizwa pia kama kuna mchanga wa chini ya miezi tisa, na jina lake huandikwa kando, kwa kalamu nyekundu. Safu hiyo ya daftari niliichora mwenyewe.

Jambo jingine linawahusu ninyi moja kwa moja, nisije nikalisahau. Mtu mzima mwenye mafua au kikohozi, hata awe mwimbishaji bora wa kwaya, siku hiyo haingii chekechea. Na msiwabusu watoto wachanga mnaowakuta mgongoni mwa mama zao. Najua wanavutia.

Mama wa marehemu mtoto yule nilimwambia ukweli mwaka uliofuata, uani kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kuepua sufuria iliyokuwa motoni, akakaa huko jikoni muda mrefu. Nilingoja, kisha nikaondoka. Tunasalimiana kanisani. Mama muuza ndagala alirudi kwetu mtoto wake wa pili alipofikisha miaka mitatu. Alikuja na kadi mkononi, ameifunga katika mfuko wa plastiki, akanionyesha kabla sijaiuliza.

Wale wasichana wawili walikuja Jumatatu saa moja kasoro, kila mmoja na bidoni ya litri 20 kichwani. Mmoja alikuwa amekata soksi kuukuu ya kaka yake, akatia kipande cha sabuni ndani, akaifunga kwa kamba kwenye kibao cha koki, ili watoto wasiidondoshe wala mtu asiichukue. Mimi katika miaka yote hiyo nilikuwa naiweka sabuni mfukoni mwangu.